Kocha Aliyevalia Jezi Dukani



Nilipoombwa niandike ukurasa huu juu ya kuvumilia kazini, nilitaka kukataa. Si kwamba sina muda. Ni kwamba wiki hiyo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshindwa kuvumilia, na sikutaka kuwafundisha watu kitu ambacho sina.

Wengi mnanijua kama yule mzee wa timu ya vijana, anayepuliza filimbi Jumamosi uwanjani. Siku zingine mimi ni fundi wa matairi. Huu ni mwaka wangu wa 19 katika karakana moja. Kuna vijana watatu niliowapokea wakiwa hawajui hata kutoa tairi kwenye rimu. Nikawafundisha kuziba pancha, kupima upepo, na kuongea na mteja mwenye hasira. Leo wote watatu ni wasimamizi wangu. Mara ya tatu nafasi ilipotangazwa, nilivaa shati jipya kabisa. Jioni nikaambiwa nisubiri kidogo.

Nilifika nyumbani, chakula hakikupita. Nikamwambia mama watoto kwamba Jumamosi siendi uwanjani, na hata utumishi kanisani nitapumzika kwanza. Nikasema nimechoka kupanda mbegu wengine wakivuna. Hakubishana na mimi. Alifunika sahani akaiweka kando.

Kijana wetu ndiye aliyenitajia jina la Fritz Pollard. Yeye hufuatilia mpira wa Marekani kwenye simu. Si kandanda yetu. Ni ule wa mpira mfano wa yai, unaobebwa na kurushwa kwa mikono, wachezaji wakiwa na kofia ngumu, ndugu wa karibu wa raga. Akaniambia, baba, kuna kocha wa zamani sana ambaye aliishi kama wewe, tena katika mji wa matairi. Nilijua ananituliza tu. Lakini lile neno matairi lilinishika. Nikaanza kusoma habari za mtu huyo, usiku kwa usiku, na leo nawaletea maisha yake jinsi nilivyoyaelewa.

Mtoto wa kinyozi

Alizaliwa Chicago tarehe 27 Januari 1894, akapewa jina zito: Frederick Douglass Pollard, kwa heshima ya yule mtu mweusi maarufu aliyetoroka utumwa akawa msemaji mkubwa wa uhuru. Baba yake, John, alikuwa kinyozi. Mama yake, Catherine, alikuwa fundi wa kushona. Walikuwa na watoto wanane, na Frederick alikuwa wa saba. Mtaa wao wa Rogers Park ulikuwa wa wazungu, na majirani wengi walikuwa wahamiaji wenye kuongea Kijerumani. Hao ndio waliomwita Fritz, na jina likaganda.

Ile familia haikuwa na mali nyingi, lakini ilijua kusukumana mbele. Dada yake Naomi alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kuhitimu Chuo Kikuu cha Northwestern, mwaka 1905. Kaka zake walicheza mpira kabla yake, na wao ndio waliokuwa shule yake ya kwanza. Walimfundisha mambo mawili. La kwanza, kwamba uwanjani atatukanwa na kuumizwa makusudi, na wanataka akasirike atolewe nje, kwa hiyo asijibu tusi kwa ngumi bali kwa mchezo. La pili lilikuwa la mwili: akiangushwa, ajiviringishe haraka alale chali, miguu juu ikipiga baiskeli hewani, ili mtu anayetaka kumrukia akiwa chini akutane na njumu za viatu.

Hapo nilicheka peke yangu usiku. Nikaona hekima ya wazazi wengi waliolea watoto katika nchi isiyowataka: usilipize, lakini pia usilale tu ukanyagwe.

Hakuwa jitu. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 175, uzito kilo 75 hivi. Katika mchezo wa watu wa miraba minne, huyo ni mdogo. Alichokuwa nacho ni mbio, na ule uwezo wa kugeuka ghafla mtu akashika hewa.

Chuoni

Mwaka 1915, baada ya kuhangaika vyuo kadhaa, aliingia Chuo Kikuu cha Brown, jimbo la Rhode Island. Timu ya mpira ya chuo hicho haikuwa imewahi kuwa na mchezaji mweusi. Ili apate pesa za matumizi alipiga pasi nguo za wanafunzi wenzake chumbani kwake. Wale waliokuwa hawataki kumpa mpira mazoezini, baadaye walikuwa wakimtafuta wampe, kwa sababu akiupata, timu inasonga.

Tarehe 1 Januari 1916 Brown walicheza mechi kubwa ya Rose Bowl huko Pasadena, California, na Pollard akawa mtu mweusi wa kwanza kuicheza. Uwanja ulikuwa matope matupu, mbio zake hazikufaa kitu, na walishindwa 14 kwa 0. Lakini msimu uliofuata, Novemba 1916, Brown waliwapiga Yale na wiki moja baadaye wakawapiga Harvard. Hivyo vilikuwa vyuo vya wakubwa wa nchi, na Brown walikuwa hawajawahi kuwashinda wote wawili katika msimu mmoja. Mwishoni mwa mwaka Walter Camp, mzee aliyeheshimiwa kuliko wote katika mchezo huo, alimweka Pollard katika orodha yake ya wachezaji bora wa Marekani. Kabla yake hakuna mtu mweusi aliyekuwa ameingia orodha hiyo kama mkimbiaji wa nyuma.

Sasa vijana wangu, sikilizeni hapa vizuri, maana sitaki kuwapamba watu. Sifa zilipomjaa, masomo yaliachwa. Aliharibu alama zake, akapoteza ruhusa ya kuchezea chuo, akaondoka bila shahada. Hakuna mzungu aliyemfanyia hilo. Alijifanyia mwenyewe. Na ndoa yake ya kwanza na Ada Laing, mama wa watoto wake wanne, baadaye ilivunjika. Nawaambia haya ili tusidhani kwamba Mungu hutumia watu wasio na nyufa.

Mji wa matairi

Wakati wa vita vya kwanza vya dunia alifanya kazi katika kambi ya jeshi, kisha akafundisha mpira chuo cha watu weusi cha Lincoln, Pennsylvania. Mwaka 1919 akaitwa Akron, jimbo la Ohio, kuchezea timu ya kulipwa.

Akron mnaijua bila kujua. Goodyear na Firestone, majina ambayo sisi mafundi tunayasoma kila siku ubavuni mwa tairi, yalianzia huko. Mji ulikuwa na moshi, harufu ya mpira, na maelfu ya wafanyakazi waliotoka majimbo ya kusini, wengi wao wakija na chuki yao mfukoni. Hao ndio waliokuwa mashabiki wa nyumbani wa Pollard.

Na hapa ndipo niliweka simu chini nikanyamaza muda. Pollard hakuruhusiwa kubadilisha nguo pamoja na timu yake. Mchezaji bora wa timu alikuwa akivalia jezi katika duka la sigara la mmoja wa wenye timu, kisha anapelekwa uwanjani kwa gari mechi ikikaribia kuanza. Akiingia, anapokewa kwa matusi na vitu vya kurushwa. Hao ni mashabiki wa timu yake mwenyewe, wapendwa. Wa ugenini sijawataja bado.

Angefanya nini? Alicheza. Mwaka 1920 timu za kulipwa zilikutana Canton, mji jirani wa Akron, zikaunda ligi ambayo leo inajulikana kama NFL. Katika msimu huo wa kwanza ligi nzima ilikuwa na wachezaji weusi wawili tu, Pollard na Bobby Marshall. Akron hawakufungwa mechi hata moja: walishinda nane na kutoka sare tatu. Msimu mzima timu zote zilizokutana nao ziliwafunga jumla ya pointi saba tu. Wakapewa ubingwa, ubingwa wa kwanza kabisa wa ligi hiyo.

Mwaka 1921 Akron wakamkabidhi ukocha, huku bado anacheza. Kumbukumbu zinaonyesha aligawana kazi hiyo na Elgie Tobin, lakini Pollard ndiye anayehesabiwa leo kuwa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika ligi hiyo. Fikiria jambo hilo. Wazungu wazima, katika Marekani ya 1921, wanapangiwa mchezo na mtu mweusi ambaye juzi alikuwa anavalia jezi dukani. Wengine walilalamika. Lakini waliona kwamba alichosema kifanyike, kikifanyika, timu inashinda.

Na jambo la kwanza alilofanya ni kuvuta wengine. Alimleta Akron kijana mmoja mkubwa wa mwili, Paul Robeson, aliyekuwa akisomea sheria New York na kucheza mpira mwisho wa wiki ili apate ada. Huyo Robeson baadaye alijulikana duniani kwa uimbaji na uigizaji. Wazee wetu wengine watamkumbuka kwa sababu nyingine: alipoishi London alijifunza Kiswahili, na katika filamu moja ya mwaka 1935 aliyoigiza kama mhusika mkuu, Mkenya mmoja aliyekuwa masomoni huko alipata sehemu ndogo. Mkenya huyo ni Jomo Kenyatta. Kumbe mkono ulionyoshwa Akron ulikuwa umefika karibu na kwetu.

Mlango ukafungwa

Ningependa hadithi iishie hapo, tupige makofi. Lakini haikuishia hapo.

Pollard alipita timu za Milwaukee, Hammond na Providence, akicheza na mara nyingine kufundisha. Mwaka 1926 Akron wakamwacha, na huo ukawa mwisho wake katika ligi. Wachezaji weusi waliobaki walipungua mmoja mmoja. Wawili wa mwisho walicheza mwaka 1933. Kuanzia msimu wa 1934 hadi wa 1945, ligi nzima haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Hakuna sheria iliyoandikwa. Hakuna barua. Wenye timu walielewana kimya kimya, basi, mlango ukarudishwa.

Mtu aliyefungua mlango anaona ukifungwa nyuma yake. Mimi najua kidogo tu ladha ya jambo hilo, na ni chungu. Pollard aliisikia mpaka uzeeni. Hakujifanya hakuumia. Aliongea waziwazi, na kuna wenye timu wakubwa aliowalaumu kwa majina, nao wakakana. Sikuona mahali popote alipojifanya malaika.

Lakini hakukaa chini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliunda timu ya wachezaji weusi watupu kule Chicago, Black Hawks, akatafuta mechi dhidi ya timu za wazungu, ili watu waone kwa macho yao kwamba rangi mbili zinaweza kucheza uwanja mmoja na mbingu zisianguke. Ule mdororo mkubwa wa uchumi ukaiua timu hiyo mwaka 1932. Ulimwangushia pia biashara yake ya uwekezaji, akafilisika. Mwaka 1935 akaanza tena, New York, akifundisha timu nyingine ya watu weusi, Brown Bombers wa Harlem. Vijana wale walikuwa na uwezo wa kucheza ligi kubwa, na ligi kubwa haikuwataka. Yeye aliwafundisha hivyo hivyo, kana kwamba mlango utafunguka kesho.

Aliendesha gazeti la watu weusi. Alisimamia wasanii. Aliwahi kuuza makaa ya mawe. Alifanya kazi ya kuwasaidia watu na hesabu zao za kodi mpaka akawa mzee wa miaka themanini. Na mtoto wake, Fritz mdogo, alikwenda Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, mbele ya Hitler, akarudi na medali ya shaba ya kuruka viunzi mita 110.

Mwaka 1946 mlango ulifunguliwa tena kwa wachezaji, timu ya Los Angeles ilipowachukua Kenny Washington na Woody Strode. Kwa makocha haukufunguliwa. Miaka ya 50 ikapita. Ya 60 ikapita. Ya 70. Wachezaji weusi walijaa ligi hiyo, lakini aliyesimama pembeni akiamua mchezo hakuwa mweusi hata mara moja.

Mwaka 1981 Brown, kile chuo alichokitoka bila shahada, kilimpa shahada ya heshima ya udaktari, akiwa na miaka 87. Tarehe 11 Mei 1986 Fritz Pollard alifariki, Silver Spring, Maryland, akiwa na miaka 92.

Kocha mkuu mweusi aliyefuata, Art Shell, aliteuliwa mwaka 1989. Piga hesabu: kutoka 1921 mpaka 1989 ni miaka 68. Pollard aliishi miaka 65 ya hiyo akisubiri kumwona wa pili. Akakosa kwa miaka mitatu.

Mlimani na Musa

Hiyo miaka mitatu ilinitoa machozi, sitawaficha. Nikakumbuka Musa katika Kumbukumbu la Torati 34, juu ya mlima Nebo. Miaka 40 amewabeba watu wale, amevumilia manung'uniko yao, halafu anaonyeshwa nchi kwa macho tu. Kila mara niliposoma sura hiyo nilimhurumia. Safari hii nilijiuliza swali lingine: je, ile miaka 40 ilikuwa bure? Wale watoto waliovuka na Yoshua, nani aliwafikisha ukingoni mwa mto?

Mwaka 2003 watu wanaopigania nafasi za makocha weusi katika ligi hiyo waliunda umoja wao, wakauita kwa jina la Fritz Pollard. Mwaka 2005 sanamu yake ya shaba iliwekwa katika jumba la heshima la mpira wa kulipwa, na mjukuu wake akasimama kwa niaba yake. Jumba hilo liko Canton, ule mji ilikoundwa ligi, mwendo mfupi kutoka lile duka la sigara. Na Februari 2007, katika fainali ya ligi, makocha wakuu wawili weusi walikutana kwa mara ya kwanza: Lovie Smith wa Chicago, mji aliozaliwa Pollard, na Tony Dungy wa Indianapolis, mtu anayejulikana kwa kutoficha imani yake kwa Kristo. Dungy alishinda. Wala hawakuwa wamefika fainali hiyo kwa kurukia dirishani.

Sisemi kwamba aliyeonewa anyamaze. Pollard hakunyamaza. Mkiona mtu anapitwa kazini kwa kabila lake, kwa jinsia yake au kwa kukosa mtu wa kumbeba, semeni, na nyinyi mlio na uwezo wa kuajiri, Mungu anawaona. Dhambi ya wale wenye timu haikuandikwa popote, lakini ilikuwa dhambi, na ya kwetu isiyoandikwa ni hivyo hivyo. Na ule uchungu wa Pollard ulikuwa halali.

Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo. Kulikuwa na vitu viwili mkononi mwa yule mtu. Kimoja ni nafasi, na nafasi wanaume wengine waliweza kumnyang'anya. Cha pili ni kazi yenyewe, kule kumfundisha kijana aliye mbele yako, na hicho hakuna aliyeweza kukichukua isipokuwa angekiacha mwenyewe. Mimi nilikuwa nimenyang'anywa kimoja, nikataka kutupa na cha pili kwa hasira.

Jumamosi ile nilienda uwanjani. Nilichelewa, vijana walikuwa wameanza kupasha misuli bila mimi. Yule mdogo kuliko wote, ambaye huwa nasahau kumpanga, alikuwa amekaa pembeni anafunga kamba za viatu vya kuazima. Nikamwita aanze.

Karakanani bado mimi si msimamizi. Nimeandika barua kwa heshima nikiuliza sababu, na nasubiri jibu. Jumatatu aliletwa kijana mpya, hajui hata jeki inakaa wapi chini ya gari. Nikamwonyesha.

Mpendwa, wiki hii jiulize ni kijana gani Bwana amemweka mbele yako wakati wewe unautazama ule mlango uliofungwa. Mungu akubariki.